Maswali ya Wasomaji: Mara Tatu na Kidole Gumba

Mwezi huu tumepokea barua tatu ambazo zimetoka mbali na mbali, lakini zinauliza jambo moja: sayansi na uhandisi vinafikaje kwa vijana wa jamii za wenyeji wa asili, huko huko wanakoishi? Tumeona tuzijibu kwa pamoja. Maswali ya chanjo za kuku yatasubiri toleo lijalo, na tunawaomba radhi walioyaleta.

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, ninasoma mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme hapa Ottawa. Nimechaguliwa kuwa mkufunzi katika timu inayokwenda kuendesha kambi za sayansi za wiki moja moja kwenye vijiji vya Wainuiti huko Nunavut, kaskazini kabisa ya Kanada, wakati wa kiangazi. Tumepewa masanduku ya betri, mota ndogo na roboti za plastiki. Nimefurahi, lakini nina wasiwasi. Nikiwa mtoto niliwaona wageni waliokuja shuleni kwetu, wakapiga picha, wakagawa fulana, wakaondoka, na hatukuwaona tena. Nifanye nini nisiwe kama wao? Na kwa nini wanihitaji mimi, mtu wa Morogoro, ambaye hata barafu nimeijua ukubwani?
Mwanafunzi wa uhandisi, Ottawa

JIBU: Marahaba, dada. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, kwa hiyo usiuache wa kwako uwanja wa ndege.

Tuanzie mlangoni pa ukumbi utakaofundishia. Katiba ya Kanada ya mwaka 1982 inatambua makundi matatu ya wenyeji wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 1.8 wa makundi hayo, ambao ni asilimia 5 ya wakazi wote wa nchi, na kati yao Wainuiti walikuwa 70,000 na ushei. Kwa zaidi ya miaka mia moja, serikali kwa kushirikiana na makanisa iliwachukua watoto zaidi ya 150,000 wa jamii hizo na kuwapeleka katika shule za bweni, mbali na wazazi, ambako walikatazwa kusema lugha zao na wengi wakadhulumiwa vibaya. Shule za mwisho za aina hiyo zilifungwa miaka ya 1990, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikamilisha kazi ya kuyaandika hayo mwaka 2015 tu. Kwa hiyo bibi atakayemleta mjukuu wake kambini Jumatatu asubuhi huenda yeye mwenyewe alitolewa mikononi mwa mama yake kwa jina la elimu. Akisimama mlangoni bila kuondoka, usidhani hana kazi ya kufanya. Mpe kiti, mpe chai, na umwache aone kila kitu.

Hapo ndipo utaona kwa nini mpango wenu unakwenda kijijini badala ya kumtoa kijana kijijini. Shirika la Actua, ambalo makao yake yako huko huko Ottawa, huendesha kazi ya namna hii kupitia mtandao wa vyuo vikuu na vyuo vya kati vya Kanada, na programu yake ya vijana wa jamii za asili hupangwa pamoja na kila jamii: wazee hualikwa kufundisha, na vijana wa pale pale huajiriwa kuwa wasaidizi. Ukifika ukakuta timu yenu haina hata msaidizi mmoja wa kijijini, ulizia siku ya kwanza, usingoje ya tano. Utakapokuwa umepanda ndege, yeye ndiye atakayeulizwa na watoto kwa nini mota imegoma.

Na mota itagoma. Nunavut, eneo lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, lina jumuiya 25 na hakuna barabara inayoziunganisha; mizigo hufika kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haijaganda. Roboti ya plastiki iliyovunjika gia Agosti yaweza kukaa imevunjika hadi Agosti nyingine. Mimi ningepunguza roboti katika sanduku lako na kuongeza vitu vinavyoweza kutengenezwa kwa vifaa vilivyopo dukani pale: nyaya, waya wa kuunganishia, chuma cha kuchomelea risasi, kipima umeme. Hivi viache kwa msaidizi, pamoja na daftari lenye michoro uliyoichora kwa mkono.

Kabla hujafungua sanduku lenyewe, tafuta sleji. Wainuiti huiita qamutik. Ina miguu miwili mirefu ya mbao inayoteleza, na juu yake mbao fupi nyingi zimelazwa kukingama. Piga magoti uitazame pale mbao zinapokutana: hazikupigiliwa misumari, zimefungwa kwa kamba. Waulize watoto kwa nini, kisha unyamaze. Yupo atakayekwambia kwamba barafu ya bahari si tambarare, kwamba sleji yenye mzigo ikipanda tuta inabidi ijikunje kidogo, na kwamba msumari haujikunji, hung'oka au hupasua mbao. Hilo ni somo la uhandisi la mwaka wa pili, nawe umelisikia kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Sasa na wewe mwambie juu ya mtepe, chombo cha Lamu na pwani yote, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na ambacho kwa sababu hiyo hiyo kiliweza kunyumbuka kilipogongwa na mawimbi. Nadhani umeshapata jibu la swali lako la kwa nini wanakuhitaji. Mtu wa Toronto asingekuwa na mtepe wa kuwasimulia.

Jambo la pili ni barafu yenyewe, ambayo kwao huitwa siku. (Ndiyo, siku. Utacheka mara ya kwanza utakapolisikia, nao watacheka ukiwaeleza maana yake kwetu.) Siku ndiyo barabara yao ya kwenda kuwinda, kuvua na kutembelea ndugu, na siku hizi haiaminiki kama zamani. Majira ya baridi ya 2009 kuingia 2010 yalikuwa na joto lisilo la kawaida katika Nunatsiavut, eneo la Wainuiti lililoko pwani ya Labrador, mashariki ya Kanada, na watu waliozoea kusafiri juu ya barafu waliona njia zao zimekuwa za hatari. Kutokana na hali hiyo serikali ya Nunatsiavut na watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial walianzisha kazi ambayo leo inaitwa SmartICE. Wana vifaa viwili. Cha kwanza ni boya linaloachwa ligande ndani ya barafu, lenye mfululizo wa vipimajoto kutoka juu hadi chini; kwa kuwa hewa, theluji, barafu na maji havina joto moja, mfululizo huo huonyesha barafu inaanzia wapi na kuishia wapi, na taarifa hurushwa kwa setilaiti. Cha pili hufungwa ndani ya sleji inayovutwa na pikipiki ya theluji. Chenyewe hutumia mawimbi ya sumaku-umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na barafu karibu haipitishi kabisa, kwa hiyo kifaa huhisi umbali uliopo hadi kwenye maji, na dereva anasoma unene wa barafu akiwa safarini.

Wewe wa uhandisi wa umeme kanuni hiyo unaijua. Unachopaswa kukijua zaidi ni kwamba maboya hayo huunganishwa katika karakana iliyoko Nain, kijiji cha pwani hiyo, na wanaoyaunganisha ni vijana wa Kiinuiti, kisha wazee na wawindaji ndio wanaosema yawekwe wapi, kwa sababu wao ndio wanaojua mkondo wa maji unakula barafu upande gani. Ukitaka kambi yako iwe na roboti, sawa, lakini na kuwe na siku moja ambapo watoto wanaunganisha kipimajoto, wanakizamisha katika ndoo ya maji ya chumvi na kingine katika ndoo ya maji yasiyo na chumvi, na kuchora wanachokisoma. Hapo mtoto atakuwa ameishika kazi ambayo kijana mwenzake analipwa mshahara kwa kuifanya.

SWALI: Mhariri, ninafundisha hisabati darasa la sita na la saba wilayani Muheza, Tanga. Rafiki yangu aliniambia kuwa huko Alaska kuna watoto wa shule waliobuni tarakimu zao wenyewe, na sasa zimo hata katika kompyuta. Nilidhani ni porojo. Kama ni kweli, ilikuwaje? Na ina faida gani kwa mtoto, ikiwa mtihani wa taifa unabaki kuwa kwa 1, 2, 3 zilezile?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Mwalimu, si porojo. Kisa hiki tungekiandikia gazeti zima, kwa hiyo utuvumilie.

Kaktovik ni kijiji cha Wainupiaki, yaani Wainuiti wa upande wa Alaska, katika kisiwa kidogo kwenye pwani ya kaskazini kabisa ya Alaska, chenye wakazi wasiofika mia tatu. Mwaka 1994, katika shule ya Harold Kaveolook, mwalimu William Bartley alikuwa na darasa la wanafunzi tisa wa umri wa wanafunzi wako wakubwa. Walikuwa wakijifunza kwamba mtu anaweza kuhesabu kwa mafungu ya mbili mbili, kama zinavyofanya kompyuta, badala ya kumi kumi. Wanafunzi wakasema: lakini lugha yetu haihesabu kumi kumi, inahesabu ishirini ishirini. Na ni kweli. Kwa Kiinupiaki tano ni tallimat, neno lililotokana na mkono. Kumi ni qulit, yaani sehemu ya juu ya mwili. Kumi na tano ni akimiaq, kwamba umevuka kwenda mguu wa pili. Na ishirini ni iñuiññaq, neno linalotokana na mtu, kwa kuwa vidole vyote vya mikono na miguu vimekwisha na mtu mmoja ametimia.

Wakajaribu kuandika hesabu hiyo kwa tarakimu za kawaida wakakwama mara moja, kwa sababu tarakimu ziko kumi na wao walihitaji ishirini, kuanzia sifuri hadi kumi na tisa. Walibuni alama kumi za nyongeza, wakaona hawazikumbuki. Ndipo walipoamua kuziacha zote na kuanza upya, na wakajiwekea masharti ambayo ningependa kila kamati ya mitaala iyasome: alama iwe rahisi kukumbuka, umbo lake lionyeshe thamani yake, iandikwe haraka bila kuinua kalamu, isifanane na tarakimu za kawaida, na ipendeze macho.

Chukua chaki, Mwalimu, ujaribu ubaoni. Moja hadi nne ni mistari ya kushuka iliyoungana kama meno ya msumeno: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne. Kila tano ni mstari wa kulala juu yake. Sita ni mstari mmoja wa juu na mmoja wa chini. Saba ni mmoja wa juu na miwili ya chini. Sasa zijumlishe kwa macho tu: juu imekuwa miwili, chini imekuwa mitatu, na hiyo ndiyo kumi na tatu. Mtoto hakukariri kitu, jibu amelikuta ndani ya picha. Kwa sifuri waliweka umbo linalofanana na mikono iliyopishanishwa juu ya kichwa, kwa kuwa mmoja wao alipoulizwa sifuri aliinua mikono akaipishanisha, kumaanisha hakuna kitu.

Kisha walitengeneza abaki ya mbao, kila safu ikiwa na shanga tatu juu za tano tano na nne chini za moja moja, jumla kumi na tisa, wakawafundisha wadogo zao. Wale wadogo, kwa kubana maandishi ili yaenee kwenye visanduku vya daftari, ndio walioziweka tano juu na moja chini kwa unadhifu uliopo leo. Hapo hapana mtaalamu aliyetumwa kutoka mjini. Mwalimu alikuwepo, na kazi yake kubwa ilikuwa kutowazuia.

Mwaka 1998 Baraza la Wainuiti wa nchi za Ncha ya Kaskazini lilipendekeza tarakimu hizo zitumiwe na Wainuiti wa Kanada pia, na mwaka 2022 ziliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi zinazotambuliwa na kompyuta. Rafiki yako alisema kweli.

Kuhusu mtihani: shule ile ilikuwa ikitumia mtihani wa kawaida wa hisabati unaofanywa na watoto wa Marekani kote. Mwaka 1995 wanafunzi wake wa ngazi hiyo walikuwa chini kabisa, wakiwazidi wastani wa watoto 20 tu katika kila 100. Kufikia 1997 walikuwa wamevuka wastani wa taifa kwa mbali. Darasa la watoto tisa ni dogo mno kujengea kanuni ya dunia nzima, na sisi hatutaijenga. Lakini swali lako linadhani kwamba muda uliotumika kwenye tarakimu za Kiinupiaki ulipotea kwenye zile za mtihani, nayo matokeo yanaonyesha mambo yalikwenda kinyume. Mtoto aliyewahi kuunda sifuri yake mwenyewe anajua sifuri ina kazi gani katika 205, wakati wengi wetu tuliambiwa tu kwamba "hapo pana nafasi". Wewe mwenyewe wapo wanafunzi wako wanaosema Kibondei nyumbani. Waombe wawaulize babu zao walihesabuje minazi na michungwa, kwa majina gani na kwa mafungu gani, na uwaache wayaandike ubaoni.

SWALI: Mhariri, nimesoma mara nyingi makala za kusifu "maarifa ya asili". Mimi nimekuwa seremala kwa miaka arobaini. Nilifundishwa kupima kwa shibiri, dhiraa na pima, na nilifurahi sana nilipopata futi kamba ya chuma. Je, kuwafundisha vijana wa jamii hizo sayansi kwa njia za kwao si kuwapunja? Watoto wa mjini wanasoma aljebra, wao wanasimuliwa hadithi za wazee!
Fundi mstaafu, Mombasa

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Hasira yako ina haki, na tumewahi kuona kambi ambazo zilistahili maneno yako yote: ngoma asubuhi, kupaka rangi mchana, na hakuna aliyeshika rula. Lakini tukupe kipimo kimoja ambacho fundi atakipenda.

Wamikmaki wa Nova Scotia, mashariki ya Kanada, hutengeneza visanduku vya mviringo vya gome la mti, vilivyonakshiwa kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Mfuniko unahitaji pete ya ubao mwembamba unaokunjwa kuuzunguka. Mama mmoja mzee, bingwa wa kazi hiyo, aliulizwa anajuaje akate ubao kwa urefu gani. Akajibu kwamba anapima upana wa duara mara tatu, kisha anaongeza kidole gumba. Aliyekuwa akiyafuatilia hayo ni Lisa Lunney Borden, ambaye alifundisha hisabati miaka kumi katika shule ya Wamikmaki kabla ya kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, na aliyeshiriki kuanzisha, mwaka 2007, mpango wa kuwataka wanafunzi watafute hisabati ndani ya jamii zao na kuja kuionyesha mbele za watu.

Wewe unajua kinachofuata. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14 na kitu. Mfuniko wa sentimita 14 unataka ubao wa sentimita 44. Mara tatu ni 42, na kidole gumba cha sentimita 2 kinamalizia. Kipimo cha mama yule ni sahihi kabisa kwa kisanduku chake. Kijana anayeishia hapo, akapiga makofi na kwenda nyumbani, amepunjwa kama unavyosema. Kijana anayepewa sinia la sentimita 60 ajaribu kipimo hicho hicho, ataona pete yake imepungua sentimita 6 na nusu, na sasa ana swali: kidole kikue kwa kiasi gani kila duara linapokua? Hilo ndilo swali lenye pai ndani yake, na anayeliuliza ni yeye mwenyewe, mkononi akiwa na ubao uliopungua.

Mzee mmoja wa watu hao hao, Albert Marshall wa Eskasoni, alilipa jambo hili jina mwaka 2004: Etuaptmumk, kuona kwa macho mawili, jicho moja likitumia nguvu za maarifa ya asili na la pili nguvu za sayansi ya vyuoni. Anayelifumba mojawapo anabaki na chongo, na chongo la kukosa aljebra ni baya kama lile lingine, hapo tuko upande wako.

Hata Alaska waliliona hilo. Mwaka 1995 mhandisi Herb Ilisaurri Schroeder wa Chuo Kikuu cha Alaska kilichoko Anchorage, aliyekuwa akishughulikia maji na usafi vijijini na kukuta wahandisi wenyeji hawaonekani, alianzisha mpango wa kuwalea wanafunzi wenyeji katika sayansi na uhandisi, akiwa na mwanafunzi mmoja tu. Leo mpango huo huanza na watoto wa shule za kati. Hukusanywa kutoka vijijini, hukaa chuoni kwa muda, na kila mmoja huunganisha kompyuta yake kwa mikono yake, kuanzia ubao mkuu hadi feni. Kisha anaambiwa sharti: kompyuta ni yako moja kwa moja, ilimradi umalize aljebra ya kwanza kabla hujatoka darasa la nane.

Na wewe Mzee, kwa kuwa umetuandikia kwa ukali, tunakupa kazi. Chukua mfuniko wa sufuria, sinia na ungo, upime kwa kamba na kwa kidole gumba chako, kisha utuandikie ni kwenye chombo kipi kidole cha seremala kilianza kupelea.